Mama Aliyewaka Kijani

Fundi wa maabara alifunga mirija yake kwa foili, maana kingamwili zenye rangi hazipendi mwanga: ukiziacha juani zinapauka kama shati la sare. Protini waliyoitunga wakubwa wa maabara ilikuwa imefungwa mkia mdogo, kama unavyomfunga mbuzi wako uzi mwekundu asichanganyike na wa jirani. Fundi alizimwagia seli kingamwili zinazousaka mkia ule tu, akaziosha, akachungulia kwenye darubini. Penye mkia paliwaka kijani. Mwanga ukiwa pembezoni, seli inaishi. Ukifika kwenye kiini, seli inakufa. Haijatokea vinginevyo.

Jioni alirudi nyumbani tone la kingamwili limemkaukia kiganjani. Akamkanda mama yake magoti kama kawaida, na magoti yakawaka.

"Umenipaka nini, wewe mtoto?"

"Kingamwili, mama."

"Basi tulia hapohapo, nitafute kifungo changu chini ya kochi."

Kifungo kilipatikana. Fundi hakufurahi. Mkia ule ulitungwa maabara. Haukutakiwa kuwa ndani ya mtu.

"Mama, hayo magoti ulichomwa sindano wapi?"

"Hapohapo kazini kwenu, dirisha la nyuma. Bure kabisa, na soda juu."

Baada ya siku chache mwanga ulikuwa umepanda mapajani, kisha tumboni. Jirani akahamia sebuleni na ungo wake, achambue mchele bila kuwasha taa. Mama akamwambia mgeni wa taa huja na sukari.

Fundi akaenda kwa Daktari Mkuu. "Daktari, mkia wetu uko kwa mama yangu. Unapanda. Naomba dawa ya kuuzuia."

"Unawaka vizuri?"

"Unawaka."

"Hongera sana. Ya kuuzuia hatuna, dada yangu. Hatukujua kama ungeshika. Sasa usimtoe juani, atapauka kabla hatujampiga picha."

Fundi akamtoa juani. Alijua fika kwamba jua huua rangi tu, mkia halina habari nao. Akamtoa hivyo hivyo, akamkalisha uani, akamgeuzageuza kama godoro. Kufikia mchana mama alikuwa mweusi tii, kama zamani.

"Umeme umekatika," mama alisema, wakacheka wote wawili.

Giza lilipoingia, mama alianza kuhema kwa shida. Fundi akamwekea kiganja kifuani, kilekile chenye tone.

"Nawaka?"

"Huwaki, mama."

"Muongo mkubwa. Mbona nakuona uso?"

Alikufa kabla chai haijapoa. Kiganja kilichomfumba macho kilibaki kinawaka, na sabuni haikukiweza.

Fundi alirudi kazini. Kwenye dirisha la nyuma foleni ilikuwa imezunguka jengo, magoti matupu. Akawaambia wasichomwe, yaliyomo kwenye sindano yamemuua mama yake. Akawaonyesha kiganja.

"Pole, mwanangu," alisema bibi wa mbele. "Soda zipo lakini?"

"Zipo," nesi alijibu kutoka ndani.

"Na wewe usisimame hapo bure," bibi akamgeukia fundi. "Humu dirishani kuna giza. Sogeza huo mkono, nesi aone pa kuchoma."