Kushoto kwa Nani

Injini ilifungwa Jumamosi ya pili ya mwezi Machi, theluji ikiwa bado imelala mitaroni, na waliokuja kusaidia walikuwa wengi kuliko kazi yenyewe. Ilikuwa injini ya mviringo, silinda zake tisa zimekizunguka kitovu kimoja kama petali za alizeti, na uzito wake ulikaribia ratili mia tano. Gordon Pribyl alikuwa ameisubiri miaka kumi na moja. Muda wote huo yeye na shemeji yake, Merle Hauge, kaka wa mke wake Twyla, walikuwa wakiunda ndege kwa mikono yao ndani ya banda lililokuwa la ng'ombe, huko mashariki mwa Wisconsin. Ilikuwa ndege ya mtindo wa kale, bawa juu na bawa chini, na michoro yake waliagiza kwa posta.

Gordon alikuwa na miaka sitini na tisa. Maisha yake yote alitengeneza mashine za kukamulia maziwa, na hapakuwa na zizi kilomita arobaini kuzunguka ambalo hakuwahi kulala chali kwenye sakafu yake. Merle alikuwa amemzidi umri kwa miaka mitatu, aliendesha basi la shule, na kati yao wawili ndiye pekee aliyekuwa na leseni ya urubani.

Siku ile ya kufunga, winchi iliinua injini, huyu akashika bolti, yule akashika tochi, jirani mmoja akatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba, na Twyla akapitisha kahawa na soseji. Bolti zilikuwa nne. Mbili kati yake zilitakiwa kuwekewa vipande vya chuma vyenye unene wa robo inchi, ili injini isitazame mbele moja kwa moja bali ipinde shingo kidogo. Propela inapozunguka huitupa ndege upande mmoja, kwa hiyo fundi huielekeza injini kidogo upande wa pili, na ndege inanyooka. Mchoro ulisema vipande viwekwe kushoto. Lakini mchoro ulikuwa wa injini za Kimarekani, na hii ya kwao ilitoka Ulaya ya mashariki, ambako propela huzunguka kinyume. Gordon alilitafakari jambo hilo majira yote ya baridi, akaamua kwamba vipande vitakaa kulia. Alikuwa na hakika amemweleza Merle. Au karibu na hakika.

Jumatatu mchana aliingia bandani peke yake, akainama kuzitazama bolti, na vipande vilikuwa kushoto.

Alisimama pale mpaka miguu ikaanza kumwuma kwa baridi. Akajaribu kuikumbuka Jumamosi. Aliikumbuka spana mkononi, alikumbuka kicheko cha jirani, lakini mkono wake ukiweka vile vipande hakuukumbuka, wala kulia wala kushoto. Basi ni mimi, akajiambia. Nimefuata mchoro kwa mazoea. Akaikaza winchi ibebe uzito, akalegeza bolti, akahamisha vipande kulia, na kazi hiyo ikamla saa mbili. Hakumwambia mtu. Aliandika katika daftari lake dogo: vipande viko kulia.

Alhamisi vilikuwa kushoto tena.

Safari hii Gordon aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alilifungua daftari na kulikuta neno lake kwa mwandiko wake mwenyewe, kulia, tena amelipigia mstari, na tarehe ya Jumanne. Jumanne? Alidhani ni Jumatatu. Alikwenda nyumbani akamwuliza Twyla, kwa njia ya mzunguko, kama wiki hii alikuwa ameshinda sana bandani.

"Jumanne hukwenda," Twyla akasema, huku akimenya viazi. "Jumanne ulikuwa kwa daktari wa meno. Taya lote lilikuwa limekufa ganzi, supu ikakumwagikia kifuani. Umesahau?"

Hakuwa amesahau supu. Lakini daftari lilisema Jumanne. Kama tarehe aliikosea, je, na neno kulia? Akampigia simu Merle, akamwuliza kama amepita bandani.

"Mimi?" sauti ya Merle ilikawia kidogo. "Hapana, shemeji. Tangu Jumamosi sijakanyaga huko. Nipo hapa nyumbani napiga rangi kifuniko cha injini."

Gordon akashukuru, akakata simu.

Lazima isemwe hapa kwamba baba yake Gordon alikufa akiwa hajui jina la mtu yeyote. Ilianza na vitu vidogo, koleo kuwekwa kwenye friji, geti kufungwa mara mbili, na ikaishia kwa mzee kuamka kila alfajiri kwenda kukamua ng'ombe waliouzwa miaka ishirini nyuma. Gordon alikuwa akimfuata, anamshika mkono, anamrudisha ndani. Kitu alichokumbuka zaidi ni kwamba mzee hakuwa na hofu. Alikuwa na uhakika kabisa. Aliyeonekana kuchanganyikiwa ni kila mtu mwingine.

Kwa hiyo Gordon alipovihamisha vipande mara ya pili, alifanya kama mtu anayemchunga mgonjwa. Kila hatua aliisema kwa sauti: sasa nalegeza, sasa natoa, sasa naweka kulia. Kisha akasimama mbele ya ndege na swali jipya likamwingia, la kipuuzi lakini likakataa kutoka. Kulia kwa nani? Kutoka hapa aliposimama, akiitazama propela usoni, vipande vilikuwa upande wa mkono wake wa kushoto. Kwa rubani aliyeketi ndani ni kulia. Alijua, kama wote wajuavyo, kwamba katika ndege kulia ni kulia kwa rubani siku zote. Ila Alhamisi alipoviona kushoto, alikuwa amesimama wapi? Akazunguka ndege mara tatu, akisimama huku na kule na kunyoosha mikono, na alipomaliza alijua kidogo kuliko alipoanza.

Wiki iliyofuata vikahama tena, naye akavirudisha tena. Wakati huo hakushangaa hata kidogo, na kule kutoshangaa ndiko kulikomtisha. Usiku ule alimwambia Twyla kwamba angependa kuonana na daktari. Twyla aliweka chini kitabu chake, akasema watapiga simu asubuhi. Hakumwuliza ni daktari wa nini.

Mambo yangeendelea hivyo kama Gordon asingekuwa na asubuhi ya bure. Kwa kawaida asubuhi alifanya kazi ya nusu siku katika duka la vipuri vya matrekta, na ndiyo sababu bandani alikwenda mchana tu. Ijumaa ile duka lilifungwa kwa ajili ya mazishi ya mama yake mwenye duka. Saa nne Gordon alikuwa njiani kuelekea bandani, akiwa ameazimia kuzipiga alama bolti zote kwa rangi nyekundu, halafu kupiga picha.

Gari la Merle lilikuwa limeegeshwa nyuma ya banda, mahali ambapo mtu wa barabarani asingeliona.

Ndani, winchi ilikuwa imekazwa. Merle alikuwa amepiga magoti chini ya injini, mkono mmoja kwenye bolti, kipande cha chuma katikati ya meno yake kama mbwa aliyeiba mfupa. Walitazamana. Merle alikitoa kile chuma mdomoni polepole.

"Naweza kueleza," akasema.

"Eleza."

Merle alijifuta mikono kwa tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko mikono. Mwishowe akasema, akiitazama sakafu, kwamba tangu ile Jumamosi alikuwa akikosea. Alikuwa ameviweka vipande kulia badala ya kushoto, mchoro unasema kushoto. Jumapili yake akaja akarekebisha. Baada ya siku tatu akakuta ameviweka kulia tena. Akarekebisha tena. Hajui amefanyaje. Ni kama mkono wake una akili yake wenyewe.

"Mara ngapi?" Gordon akauliza.

"Leo ya nne. Usimwambie Twyla, nakuomba. Mwezi wa sita napimwa afya ya leseni. Majira ya joto yaliyopita nilisahau kumshusha mtoto mmoja kwenye basi, alikuwa amelala kiti cha nyuma, nikafika naye mpaka gereji. Sikumwambia mtu. Nikiwa naanza kuharibika kichwa, shemeji, basi la shule nitaliacha, leseni nitairudisha. Lakini nilitaka kwanza tuimalize hii ndege."

Gordon alitaka kucheka. Alitaka pia kumpiga. Badala yake aliivuta ile ndoo akaiketia, akavua kofia, akaikunja na kuikunjua.

"Ni mimi niliyekuwa navirudisha kulia," akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Nilidhani naviweka kushoto halafu nasahau. Nikakupigia simu, ukaniambia hujaja."

"Ningekuambiaje kwamba nimekosea kitu kimoja mara mbili? Wewe ungefanyaje?"

"Ningesema hivyohivyo ulivyosema wewe," Gordon akajibu, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa amefanya.

Maji ya theluji yalikuwa yakidondoka kutoka paani. Gordon alitarajia kwamba sasa moyo utatulia, na kwa dakika chache ulitulia kweli, hata machozi yakamlengalenga. Kisha Merle akasema jambo lililowarudisha matopeni.

"Sasa vinatakiwa kukaa wapi?"

Gordon akaeleza habari ya injini za Ulaya na propela inayozunguka kinyume. Merle akasema hajawahi kuambiwa hivyo. Gordon akasema alimwambia mwezi wa Januari. Merle akasema Januari nzima walizungumzia tangi la mafuta. Mmoja wao alikuwa amesahau, au hakuna aliyesahau na jambo halikusemwa kamwe, na hapakuwa na njia ya kujua. Hilo lilimsumbua Gordon kuliko alivyotaka ionekane. Mwishowe wakakubaliana kumwita Ione Vandehey.

Ione alikuwa na miaka sabini na minne na kwa miaka thelathini alinyunyizia mashamba dawa kwa ndege. Alikuja na gari lake bovu, akaingia bila kuvua miwani ya jua, akawasikiliza wote wawili wakisema kwa wakati mmoja. Hakugusa vile vipande. Alikwenda kwenye propela, ambayo ilikuja pamoja na injini yake, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa bapa, upande mnene, kisha upande mwembamba.

"Upande mnene ndio unaotangulia kukata hewa," akasema. "Kwa rubani hii inazunguka kuelekea kushoto. Vipande vikae kulia. Kinyume cha mchoro."

Merle akainua mikono. Gordon akajisikia vizuri kwa muda wa kama pumzi mbili.

"Na mkia, wazee?" Ione akauliza.

"Mkia umefanyaje?"

"Huo wima. Mchoro wenu unasema upindwe kidogo kwa sababu hiyohiyo. Mliupinda upande gani?"

Mkia ulikuwa umechomelewa miaka saba nyuma, ukavikwa kitambaa, ukapigwa rangi tabaka sita, wakati ambapo wote wawili walidhani watanunua injini ya Kimarekani. Wakaenda nyuma ya ndege wote watatu, wakauangalia. Ulikuwa umefuata mchoro sawasawa.

"Basi nyie mmegombania robo inchi huku mbele," Ione akasema, "na huku nyuma kuna kosa la ukubwa wa mlango." Akaomba kahawa.

Kuukata mkia, kuuchomelea upya na kuuvika kitambaa kuliwachukua hadi mwisho wa Mei. Waliifanya kazi hiyo pamoja, asubuhi za Jumamosi na Jumapili baada ya kanisa, na kila walipoweka kitu mmoja alisema kwa sauti na mwingine akaandika. Katikati ya kazi hiyo Gordon alikwenda kwa daktari huko Green Bay. Alichora saa, akataja wanyama, akarudia maneno matano, akapata manne. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alisema kwa umri wake si vibaya, arudi baada ya mwaka. Gordon alirudi nyumbani bila kujua kama amepewa habari njema. Tarehe ya Jumanne ilibaki pale daftarini. Ile haikuwa kazi ya Merle.

Merle naye alijipeleka kupimwa mapema. Walimpitisha, wakamwambia apunguze chumvi.

Ndege iliruka Jumapili moja ya mwezi Juni. Kabla ya kuwasha, Gordon aliizungusha propela kwa mkono mara tisa ili oili iliyotuama kwenye silinda za chini isije ikapasua kitu, kisha akarudi nyuma. Injini ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu uliowafunika wote, halafu ikashika. Sauti yake ilimwingia Gordon kifuani. Twyla alimshika mkono. Merle, aliyeketi ndani, akaikimbiza kwenye majani, mkia ukainuka, na ndege ikapanda juu ya mahindi machanga bila kuyumba kushoto wala kulia.

Watu walipiga makofi. Gordon alitembea peke yake mpaka kwenye waya wa mpaka wa shamba, akakaa pale akiitazama ikigeuka juu ya ghala la jirani. Alikuwa amengoja furaha, na labda ile ilikuwa furaha, lakini iliingia ikiwa imebeba kitu kingine mgongoni. Kwa miaka kumi na moja, kila alipoamka, alijua mchana atakuwa wapi. Sasa alisimama kwenye jua akijiuliza kesho baada ya chakula atakwenda wapi, na alijionea aibu kuwaza hivyo wakati shemeji yake yuko hewani.

Merle alitua baada ya dakika ishirini. Aliruka mara moja kama chura, kisha akatulia. Alipozima injini, tumbo lote la ndege lilikuwa jeusi kwa oili, kutoka kwenye silinda za chini mpaka kwenye gurudumu la mkia.

Merle alishuka akavua kofia ya ngozi. "Inanyooka kama uzi," akasema. "Haivuti upande wowote. Ila inavuja vibaya, shemeji. Samahani. Nadhani itabidi tufungue."

Gordon alikuwa ameshapiga magoti kwenye majani, tambara mkononi, akipapasa chini ya silinda ya tano kutafuta inakoanzia.

"Lini?" Merle akauliza.

"Kesho," Gordon akasema. "Mchana."