Barua ya Kukataa kwa Upole

Siku hizi hata kazi ya bure ina foleni. Tangazo lenyewe lilisema bila haya: kampuni ya matangazo inatafuta mwandishi chipukizi wa kujifunza kazi, miezi sita, hakuna malipo, hakuna nauli, ila "utapata uzoefu na jina". Chini yake, kwa herufi za kusomea miwani, wakataka mwombaji awe na uzoefu wa miaka miwili. Yaani uwe umeshafika, ndipo uonyeshwe njia.

Dada mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Katibu, alilisoma tangazo hilo mara tatu na kila mara akajiona mwenyewe humo. Alikuwa akifanya kazi kwenye duka la fotokopi, na kati ya kutoa nakala za vyeti na kupiga picha za pasipoti, aliwaandikia watu barua. Za kuomba kazi, za kumwomba radhi mwenye nyumba, za kumwambia mchumba kwamba basi, imetosha. Mtu aliingia na manung'uniko yake akatoka na ukurasa mmoja wenye adabu. Watu walisema maneno yake yangemtoa nyoka pangoni. Lakini barua huondoka na jina la mwenye barua, si la aliyeiandika. Katibu alikuwa na miaka ishirini na sita na hakuwa na hata mstari mmoja duniani uliojulikana kuwa ni wake. Hicho tu ndicho alichokitaka: kuandika, na aitwe mwandishi.

Akaomba, na raundi ya kwanza ya mchujo walimtaka aandike matangazo kumi ya sabuni ya kufulia. Akaandika kumi na mawili. Mshauri wake alikuwa mama yake, fundi cherehani wa sare za shule, ambaye hakuinua hata uso kutoka kwenye pindo.

"Mbona sabuni yako inacheka na kuimba?" mama alisema. "Sabuni haiimbi, mwanangu. Sema inatoa wino kwenye kola. Mzazi gani hatainunua?"

Mstari wa kola ukaingia, na ndio uliokuwa mzuri kuliko yote.

Raundi ya pili aliitwa ofisini, ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye viti vya kuzama kama magunia ya pamba. Ukikaa, magoti yanakufika kidevuni, na hapo ndipo wanapotaka ujieleze. Walikuwa watatu. Aliyeongoza alivaa suruali fupi ili soksi zake za njano zisikose watazamaji, na Katibu akambandika jina papo hapo: Soksi.

"Ungekuwa samani," Soksi aliuliza, "ungekuwa samani gani?"

"Kabati."

"Kwa nini?"

"Linafungwa."

Wakacheka sana, mmoja akaandika jambo. Kuhusu kola, hakuna aliyeuliza. Alipotoka alikuta watu wanane wamepanga mstari kwenye korido, kila mmoja na bahasha yake, midomo ikichezacheza kwa kukariri sabuni.

Raundi ya tatu ndiyo iliyomkata maini. Soksi alimpigia simu akasema wanataka mtu aliye huru kabisa, si wa mguu ndani mguu nje, hivyo alete barua ya kuacha kazi, yenye muhuri wa mwajiri. Mzee wa duka la fotokopi aliisoma barua hiyo akiwa amesimama.

"Umeandika vizuri," alisema. "Kama kawaida yako. Sasa huko unakokwenda wamekuajiri?"

"Bado, mzee. Ni raundi."

"Na wakikuajiri, watakulipa?"

Katibu akausogeza muhuri karibu na mkono wa mzee.

"Usiache mbachao kwa msala upitao, binti yangu. Mimi kiti hiki sitakiacha kitupu. Binti wa dada yangu anakitaka tangu mwaka jana."

"Naelewa, mzee. Gonga tu."

Mzee akagonga muhuri, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Katibu alipiga moyo konde akaondoka, na njia nzima hakugeuka nyuma kwa kuogopa kwamba angerudi.

Raundi ya nne hawakumhoji kabisa. Soksi alimkalisha mbele ya kompyuta, akavuta kiti, akasema kwa sauti ya chini kama mtu wa nyumbani:

"Mmebaki wachache sana. Sasa tunahitaji barua ya kuwakatalia waombaji. Iwe na utu. Watu tukiwakataa vibaya wanakwenda kututukana mitandaoni. Unaweza?"

Kama anaweza! Nani humpa mgeni kazi ya kuwaaga wageni wenzake? Huyo si mgeni tena. Akakaa saa mbili, akiwafikiria wale wanane wa korido na midomo yao, akawaandikia kama ambavyo yeye angependa kuandikiwa.

"Mpendwa (weka jina la mwombaji hapa, tafadhali msisahau). Hatukukuchagua. Tumeanza na habari mbaya ili usihangaike kuitafuta. Kazi yako tumeisoma hadi mwisho, neno kwa neno. Kukosa nafasi hii si kukosa kipaji, na aliyekufungia mlango leo hakukuchukia."

Alipofika kwenye "tumeisoma hadi mwisho" aliinua kichwa.

"Samahani kaka, hili ni kweli? Mnazisoma zote?"

"Andika tu," alisema Soksi.

Baadaye Soksi aliisoma yote akiwa amesimama, akajifuta pua. "Dada, wewe ni hatari," alisema. "Mimi ningekataliwa hivi, ningeshukuru."

Ikapita wiki. Akipiga simu, anaambiwa bosi yuko kikaoni. Ikapita ya pili, bosi kasafiri. Walimpiga danadana mpaka akaona haya kushika simu mbele ya mama yake. Kwenye duka la fotokopi binti wa dada yake yule mzee alikuwa tayari amehamisha meza ikae upande wa dirisha.

Jumatano, Katibu akiwa anashona vifungo kumsaidia mama, simu ikatoa mlio wa baruapepe. Akafungua.

"Mpendwa (weka jina la mwombaji hapa, tafadhali msisahau). Hatukukuchagua."

Hakusoma zaidi. Angesoma nini, na kila koma aliiweka yeye? Hata jina hawakujaza. Alimpigia Soksi hapo hapo, sindano ingali mdomoni, na safari hii Soksi alipokea.

"Dada! Barua yako imependwa mno. Bosi kasema tutaitumia kila mwaka."

Katibu akaitoa sindano. "Sasa mbona mmenikataa?"

"Ah, ni kwa sababu ya hiyo hiyo barua. Bosi kaona wewe umeshaiva. Nafasi ni ya mtu wa kujifunza, tungekuonea bure."

Akakata simu. Hasira ilimjaa, na zaidi ya hasira, aibu, kwa sababu aliwadanganya watu wanane kwa maneno yake mazuri, kwamba walisomwa.

"Wamesemaje?" mama aliuliza.

Akamsomea, yote. Cherehani ikanyamaza. Mama alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, akaivaa tena.

"Watu waungwana hao," alisema. "Mtu akikukataa kwa maneno kama haya, unakubali. Nisomee tena pale pa kipaji."

"Mama."

"Nisomee tu."

"Mama, barua hii nimeiandika mimi. Walinikalisha pale ofisini, wakanipa kazi ya kuandika barua ya kuwakatalia watu, nikaandika. Ndiyo hii."

Mama alimtazama kama anavyomtazama mteja aliyekata kitambaa mwenyewe nyumbani kisha akamletea vipande.

"Bosi hakuwepo chumbani?"

"Hakuwepo."

"Yule wa soksi?"

"Alikuwa akiingia na kutoka."

"Na kompyuta ulikuwa nayo wewe. Saa mbili nzima."

"Ndiyo, mama."

"Basi mwanangu," mama alisema, bila ukali, kwa kutaka kweli kujua, "watu wote hao umewaandikia. Yako ya kukubaliwa mbona hukuiandika?"

Katibu alifungua mdomo amweleze kwamba mambo hayaendi hivyo. Mama alikuwa akingoja.