Programu ya Watu Wawili

Shangazi Mwanahalima aliwachoka. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ya Arusha imekaza mpaka vidole vinakataa kuchambua mchele, simu yake iliita mara tatu. Wa kwanza alikuwa Twahir, mtoto wa kaka yake, akilalamika kwamba Zakia anamdai sare ya shule ya mtoto ambayo yeye alishainunua. Wa pili Zakia mwenyewe, akisema kilichonunuliwa ni sweta tu, sketi bado. Wa tatu Twahir tena, na sasa sauti iko juu.

"Basi!" shangazi akamkatiza. "Mmeachana nyinyi, mimi sikuachana na mtu. Kwa nini nigeuzwe refa? Watu siku hizi wana programu za matumizi kwenye simu. Huyu anaandika alichotoa, yule anakiona, yameisha. Njooni hapa kwangu Jumamosi mchague moja, tena mchague nikiwaona. Mkishachagua, simu yangu ipumzike."

Zakia alikuwa mpokea wageni kwenye kliniki ya meno mjini. Yeye na Twahir walikuwa na karibu miaka miwili tangu waachane. Talaka ilikuwa moja, eda ikapita, kila mtu akashika njia yake. Wangetaka kurudiana wangeweza, kwa ndoa mpya na mahari mpya, lakini hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo. Binti yao Salwa, wa darasa la pili, siku za shule alikaa na mama yake Daraja Mbili, jirani na kwa shangazi. Shule zikifungwa alikwenda Elerai, ambako baba yake alikuwa na gereji ya magari ya watalii. Kilichobaki kati ya wakubwa hao wawili kilikuwa mtoto huyo, na ugomvi wa kwenye simu juu ya mahitaji yake.

Jumamosi ya kwanza Zakia alifika mapema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mwenzako yuko njiani."

Twahir aliingia akitokea gereji moja kwa moja, mikono ameisugua kwa sabuni ya unga hadi imepauka. Wakasalimiana kwa adabu ya watu wa msibani: Mama Salwa, hujambo, sijambo, Baba Salwa. Kila mmoja akakaa mwisho wake wa kochi, simu ya Twahir mezani katikati.

Programu ya kwanza ilijua dola peke yake. Twahir akaandika bei ya viatu vya Salwa kwa shilingi, nayo ikawaka nyekundu na kulia kama king'ora.

"Inadhani nimenunua ndege," Twahir akasema.

Zakia akacheka kabla hajajizuia. Twahir naye akacheka. Walipotulia, kila mmoja akatazama pembeni, kwa kuwa kicheko kile wote wawili walikuwa wamekisahau.

Ya pili kabla ya kufunguka iliomba ruhusa ya kuona majina yote ya kwenye simu na picha zote, na walipoikatalia ikawauliza kama wangependa mkopo wa haraka.

"Hii haitaki kutuandikia, inataka kutukopesha," Zakia akasema. "Ifute."

Wakaifuta. Adhana ya alasiri ikasikika, Twahir akaenda msikitini, na siku yao ikaishia hapo. Zakia alipokuwa akifungua mlango wa kwake aligundua kwamba bado anatabasamu, akaingia ndani haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Jumamosi iliyofuata alivaa gauni la kijani na kulifukiza udi. Alijiambia ni kwa sababu ya baridi, nguo haikukauka vizuri, inanuka unyevu. Shangazi alipompokea alivuta pumzi, kisha akalitazama gauni.

Siku hiyo walijaribu mbili. Moja ilitaka bando kila inapofunguliwa, na Twahir akaikataa akisema akitumwa kuvuta gari lililokwama porini atakaa siku nzima bila mtandao. Nyingine ilikuwa nzuri kwa kila kitu ila ilikubali simu moja tu.

"Hiyo ni ya mtu mpweke," shangazi akasema, akainuka kwenda jikoni kuangalia sufuria ambayo haikuwa na moto chini yake.

Wangeweza kuifuta dakika ile ile. Hawakuifuta. Wakaendelea kuigusagusa, huku mazungumzo yakienda kwingine kabisa. Twahir akaeleza habari za gari lililoletwa gerejini na nyani amejificha nyuma ya kiti. Zakia akaeleza habari za mzee mmoja aliyemng'ata daktari wa meno kidole, kisha akaomba apunguziwe bei kwa sababu ya usumbufu. Shangazi alikuwa ameacha chai ya tangawizi na maandazi. Twahir akachukua andazi, akalimega, na mkono wake wenyewe ukapeleka kipande kikubwa upande wa Zakia, kama ulivyozoea kufanya miaka yote ya ndoa yao. Katikati ya njia mkono ukasita. Zakia akakipokea kipande kile upesi, kabla hakijarudishwa, akakila taratibu. Usiku alijilaumu kwa upesi wake, na hapo hapo akatamani Jumamosi nyingine ifike.

Jumanne, wagonjwa walipopungua, alimwona Fransiska, muuguzi wa pale kliniki, akiandika kitu kwenye simu. Akamuuliza.

"Matumizi ya nyumbani," Fransiska akamjibu. "Mimi naandika huku, mume wangu anaona kule Geita mgodini. Bila mtandao inatunza, mtandao ukirudi inatuma. Kiswahili chake kizuri tu. Akishaona anabonyeza kuthibitisha, inatokea alama ya kijani."

"Na haisumbui?"

"Haisumbui hata kidogo! Zamani tulikuwa tunapigiana simu kila siku, mara hela ya gesi, mara ya ada. Sasa wiki inaweza kuisha hatujaongea."

Fransiska alilisema hilo kwa kuisifu programu. Zakia aliitikia kwa kichwa, akalikariri jina lake, asiipakue. Ilikuwa ndiyo hasa waliyokuwa wakiitafuta, na kwa sababu hiyo aliiogopa. Jumamosi ile akaenda kwa shangazi na programu nyingine, mbovu, aliyoichagua kwa ubovu wake ili wapate cha kukataa.

Hakupata nafasi ya kuitoa. Twahir alikaa, akaweka simu mezani, akasema, "Nimeipata."

Ilikuwa ile ile ya Fransiska.

Zakia akaichukua simu, akaanza kutafuta kasoro.

"Maandishi yake madogo."

"Yanakuzwa. Bonyeza hapo."

"Na simu ikiibiwa?"

"Ina neno la siri."

"Rangi yenyewe mbaya, kama kidonda."

"Zinabadilishwa, Mama Salwa. Zipo sita."

Shangazi akacheka kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. "Jamani, mwanamke huyu! Unachagua programu au unachagua mume?"

Shangazi mwenyewe aliyasikia maneno yake yalikoangukia, akaokota kanga yake na kwenda uani kuanua nguo zilizokuwa hazijakauka.

Wakabaki wawili. Twahir akaandika jina lake, Zakia akaandika lake. Kioo kikageuka, yakatokea maandishi: *Nyinyi wawili ni nani kwa kila mmoja?* Chini yake kulikuwa na majibu ya kuchagua: wanandoa, ndugu, marafiki, washirika wa biashara.

Walikaa wakikitazama kile kioo mpaka kikazima. Twahir akakiwasha tena.

"Letu halipo," akasema.

"Halipo."

"Niweke lipi?"

Zakia alitaka kusema, weka la kwanza. Kidole gumba cha Twahir, chenye kovu la mkanda wa feni, kilikuwa kimesimama juu ya neno lile lile bila kuligusa.

"Weka la kweli," Zakia akasema mwishowe.

Twahir alifikiri sana. Kisha kidole kikashuka, kikabonyeza *ndugu*.

"Mtoto wetu ni mmoja," akasema polepole, kama anayeomba radhi. "Damu imeshachanganyika."

Programu ikafunguka. Kazi iliyowakutanisha ikawa imekwisha.

Zakia alimsindikiza hadi getini, jambo ambalo Jumamosi zilizopita hakulifanya. Ukungu ulikuwa umeufunika mlima Meru wote, hata hungejua kama kuna mlima upande ule.

"Uliipata wapi?" akamuuliza.

"Kwa Najim, kijana wangu wa gereji. Anaitumia na mkewe."

"Tangu lini?"

Twahir akatazama viatu vyake. "Tangu mwaka jana."

"Kwa hiyo siku ya kwanza ulikuwa unaijua."

"Nilikuwa naijua."

Zakia akashika nondo za geti. "Na mimi niliijua tangu Jumanne. Nikanyamaza."

Wakatazamana, na safari hii hakuna aliyegeukia pembeni. Zakia alihisi kama mtu aliyefika mtoni akakuta maji yamepungua, kwamba angeweza kuvuka kwa miguu. Akasema, "Sasa, Twahir?"

"Sasa, Zakia," akamjibu. Ilikuwa muda mrefu hajamwita jina lake. "Salwa aliniambia kitu likizo iliyopita. Aliniambia sisi tukianza kwenye simu, yeye hujifunika mto kichwani na kuimba nyimbo za shule mpaka tumalize. Alinieleza kama ananieleza mchezo. Akaniuliza kama na mimi ninaweza kuimba."

Zakia hakujua. Alikuwa akidhani mtoto huwa amelala.

"Jumamosi hizi nilikuwa nakuona wewe yule wa zamani," Twahir akaendelea. "Kila nikirudi Elerai najisemea, kesho nitampigia. Halafu nakumbuka tulivyokuwa mwaka ule wa mwisho. Siyo wewe peke yako, ni mimi pia. Tunapendana vizuri tukiwa tunaagana saa kumi. Kuishi ndiko kulikotushinda. Nikaona bora niilete ile programu kabla sijatuharibia na hiki kidogo tulicho nacho."

"Hukuniuliza mimi."

"Ningekuuliza ungesema turudiane," akasema. "Na mimi ningekubali."

Zakia alitafuta neno la kumpinga. Alikuwa nayo mengi, na yote yalitaka sauti ya juu. Akaliachia geti. Twahir akaenda zake, mabega ameyakunja kwa baridi, ukungu ukamficha kabla hajafika barabarani. Zakia aliporudi ndani macho yalikuwa mekundu. Shangazi akamsogezea kikombe cha chai.

Programu ilifanya kazi. Shangazi alipumzika kwa wiki chache, kisha akaanza kulalamika kwamba simu yake haiiti tena, watu wamemsahau. Ugomvi uliisha. Jioni Salwa aliimba akiwa anakunja nguo, akioga, akitafuta kalamu iliyopotea, na Zakia alimsikiliza kila alipoimba.

Yeye mwenyewe alijikuta anaandika kila kitu. Dawa ya kikohozi. Penseli. Kisha anasubiri alama ya kijani. Kwa saa ambayo alama hiyo ilikuja alijua Twahir amefunga gereji mapema au amechelewa, na siku ilipokuja asubuhi ya pili alijua amelala porini. Ugomvi haukuwa umewahi kumpa habari nyingi kiasi hicho. Lakini sauti ya mtu haikuwemo, na sauti ndiyo aliyoitamani, hata ile ya kufoka.

Mwezi wa nane alikwenda na Salwa gulio la Maji ya Chai kumtafutia viatu vingine. Mawingu yalikuwa yamepanda juu, Meru uko wazi mpaka kileleni. Walirudi jioni wamechoka. Zakia akafungua programu, akaandika bei, na kwenye nafasi ndogo ya maelezo, ambapo siku zote huandika neno moja, akaandika: *Viatu. Vile vingine vimeshambana. Anakua haraka, na miguu yake ni ya kwenu.* Akasita. Akatuma.

Alama ya kijani haikuja jioni ile. Ilikuja kesho yake, Zakia akiwa anakaanga samaki, na chini yake, kwa mara ya kwanza, Twahir alikuwa ameandika kitu.

*Na sauti ni ya kwenu.*

Zakia alisoma. Akasoma tena, samaki wanaanza kuungua. Kisha akapunguza moto, akaifuta simu mafuta kwa pindo la kanga, akamwita Salwa aje kula.