Khan wa Shaba Apeleka Posa

Jana mchana, kisamvu kikiwa hakijatulia tumboni, Fundi Singano wa Muheza alijinyoosha kwenye mkeka sebuleni akaota ndoto. Ninaisimulia kama alivyoniapia, sijatia chumvi hata punje. Mkitaka kucheka chekeni, lakini yeye hacheki.

Kwanza mjue kilichokuwa kinamkaa rohoni. Binti yake wa pekee, Mboni, anasomea udaktari Kazakhstan, na huko amempata kijana wa Kikazakh anayeitwa Daniyar. Miezi mitatu sasa Mboni anasubiri baba aseme ndiyo, ili wazee wa kijana walete posa. Kijana ni Mwislamu, ana kazi, na kwa mujibu wa picha, meno yote yapo. Singano hana sababu hata moja ya kukataa, na ndiyo maana hajajibu. Mboni akipiga simu, mzee anasema mtandao mbovu. Mama yake akiulizwa anasema, "Mimi simo, muulize baba'ako."

Basi, katika ndoto mlango unagongwa mpaka dari inamwaga vumbi. Singano anafungua. Hapo mlangoni yupo farasi wa shaba, mkubwa kama lori la mchanga, na mgongoni mwake amekaa mzee wa shaba, kofia ya manyoya ya shaba, na njiwa wawili wa kweli mabegani. Nyuma yao limesimama lile jiwe la kusimamishia sanamu. Linahema kwa uchovu, na limebeba maua yaliyonyauka.

"Asalamu aleikum," anasema mzee. "Mimi ni Khan Yesenbek. Zamani niliwatawala Wakazakh wa nyikani. Siku hizi ni sanamu ya mji anakosoma binti yako, nasimama mbele ya posta. Leo nimekuja kama mshenga."

"Waaleikumu salamu. Karibuni ndani, lakini tafadhali vueni viatu, kuna mkeka."

"Havivuliki," anasema farasi. "Kwato zangu zimeshikana na miguu."

"Na mimi siwezi kushuka," anasema Khan. "Nilimiminwa pamoja na tandiko. Fundi alikuwa na haraka, uzinduzi ulikuwa Ijumaa."

Singano, ambaye ni mwashi na ana ukuta wa watu aliouahidi tangu mwaka juzi, akatikisa kichwa kwa huruma. Akawaruhusu waingie hivyo hivyo.

Walivyoenea humo ndani hata yeye hajui. Anachokumbuka ni kwamba ukuta wa nyuma haukuwepo tena. Palikuwa na nyasi tupu, nyika imenyooka mpaka mwisho wa macho, na friji ya Mama Mboni imesimama katikati ya nyasi ikinguruma.

"Niseme kilichonileta," anasema Khan. "Kwetu maharusi wakishaandikisha ndoa wanakuja kuniwekea maua na kupiga picha. Jumamosi nzima wanakuja wawili wawili. Daniyar anakuja peke yake. Anaweka ua moja, kisha ananieleza habari za binti yako kuanzia saa nne mpaka saa nane. Fundi, nimepigana vita kumi na moja. Huyu kijana amenishinda."

"Najua mpaka rangi ya kandambili za Mboni," farasi akadakia. "Ni za njano."

"Sisi hatujakataa," anasema Singano. "Tunafikiria."

"Vizuri. Wakati mnafikiria, tufuate sheria. Kwetu watu hawaoani wakiwa na babu mmoja ndani ya vizazi saba. Nitajie wazee wako saba."

Ehe! Singano akafurahi huyo, utadhani kaangukiwa na bahati nasibu. Akajiambia, wakigongana hata babu mmoja, nimepona, na hakuna wa kunilaumu.

"Mzee Kihiyo," anasema. Palepale Mzee Kihiyo, marehemu baba yake, anaingia, anakaa mkekani, anaulizia chai. "Mzee Shemdoe." Anaingia babu. "Mzee Mahimbo." Anaingia wa tatu na mkongojo wake. Halafu Singano anakuna kichwa. Nje ya mlango kuna mtu anakohoa.

"Nitaje basi," anasema wa nje. "Jua kali huku."

"Samahani mzee, jina limenitoka."

"Limekutoka! Kinyozi wako unamjua jina, mimi nimekutoka!"

Wale watatu wa ndani wakajifanya wanaangalia dari. Lile jiwe, ambalo kazi yake duniani ni kushika majina ya watu, likaona aibu ile likashindwa kuvumilia. Likajikongoja mpaka mlangoni, likamuuliza mzee jina lake, likalichonga ubavuni mwake. Singano akasoma kwa sauti: Sechambo. Mzee Sechambo akaingia amenuna, na waliobaki wakaingia kwa mtindo huo huo mpaka wakatimia saba.

Halafu wakafika saba wa Daniyar, juu ya ngamia, kutokea upande wa friji. Wazee kumi na wanne wakatazamana pua kwa pua, wakaulizana mlima gani, mto gani, ukoo gani. Hakuna aliyemfahamu mwenziwe.

"Hawana udugu," akatangaza farasi.

Hapo Singano akashindwa. "Lakini ni mbali!" akapiga kelele. "Ndege tatu! Nikifa leo watanizika kesho alasiri, mwanangu bado yuko angani. Wajukuu watanisalimia kwa lugha gani? Ninaye mmoja tu, jamani. Mmoja! Nyumba hii nikisikia kandambili usiku nadhani ni yeye."

Akalia mbele ya wageni, bila kujificha uso. Hata njiwa waliacha kujichokoa manyoya.

"Ndiyo maana ya sheria yenyewe," Khan akasema taratibu. "Ukishahesabu saba, mwali lazima atoke mbali. Mama yangu alisafirishwa siku arobaini juu ya ngamia. Babu yangu mzaa mama alikataa miezi tisa, na alilia kuliko wewe."

"Halafu?"

"Halafu akaletewa chakula."

Friji ikajifungua yenyewe. Ndani mna sinia, na kwenye sinia vipande vya ini na mafuta ya mkia wa kondoo, vinatoa moshi. Sasa, huyu mtu daktari amempiga marufuku mafuta tangu Ramadhani. Khan anainama, anachukua ini na mafuta pamoja kwa vidole vyake vya shaba, anamnyooshea. Singano anafungua mdomo. Anaapa ilikuwa njaa. Mimi namwangalia tu.

Akatafuna, akameza. Khan akampaka yaliyobaki usoni, kama wafanyavyo kwao, na wazee kumi na wanne wakapiga makofi.

"Mnashangilia nini?"

"Mzazi akilishwa mkia na ini na mshenga, binti ameshamtoa," anasema farasi. "Hakuna kurudi nyuma."

"Lakini mimi sikujua!"

"Hakuna anayejua," anasema Khan. "Ndiyo maana tunaanza na chakula, maelezo baadaye."

Singano akashtuka, akakaa. Saa tisa mchana. Ukuta upo mahali pake, friji ipo jikoni, na mkewe amesimama mbele yake na ndoo, anamkazia macho.

"Baba Mboni, una nini mdomoni?"

Akajigusa. Masharubu yalikuwa magumu, yamegandamana, meupe. Mama Mboni akatua ndoo, akakwangua kidogo kwa ukucha, akanusa.

"Haya ni mafuta ya kondoo. Na mimi leo nimekupa kisamvu cha chukuchuku. Umekula wapi?"

"Kwa wakwe," akasema Singano, na akamsimulia yote, mpaka pale pa kulishwa na maana yake.

Mama Mboni hakucheka. Alikaa chini mkekani, kidole chake bado kimebeba yale mafuta.

"Miezi mitatu nimenyamaza," akasema. "Kumbe mnakula bila mimi, na mimi ndiye niliyemzaa."

Akakitia kidole mdomoni, akakilamba mpaka kikatakata.

"Haya," akasema, machozi yanamtiririka. "Mpigie mtoto."