Teksi ya Kwenda Mwingi

Filsan alishuka uwanja wa ndege wa Nairobi kama mgeni, baada ya miaka mingi ughaibuni, akachukua teksi hadi hotelini Mwingi. Baba yake, aliyekuwa akiuza mbuzi mjini humo, alikuwa ameshazikwa. Kwenda nyumbani aliogopa. Angewaambia nini jamaa zake?

Walipofika hotelini, Musa, dereva aliyesikia habari hiyo njiani, hakushusha mizigo.

"Dada, mfiwa halali hoteli. Wacha nikupeleke kwenu."

Filsan akamwelekeza njia. Shangazi yake, Kinsi, alikuwa akifagia uani. Alipomwona alitupa ufagio, akamkumbatia.

"Umekuja, mwanangu."

Hakuuliza mbona amechelewa. Hapo ndipo Filsan alipoweza kumlilia baba yake.