Sufuria za Kina Benon

Mama alinivuta hadi stoo, akatia kufuli kwa ndani, akauficha ufunguo kifuani. Kisha akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza, Chérie! Beko banakuya!"

Walikuwa wanakuja, ndiyo. Wakwe, jamani! Shangazi zake Benon kutoka Kinyamaseke walikuwa wamejaa uani kwetu hapa Bwera, mchana kweupe, wanagonga sufuria kwa miiko. Katika ukoo wao ndivyo bibi harusi anavyochukuliwa: wanagonga wakizunguka nyumba mpaka atoke. Wakinyamaza kabla hajatoka, basi amekataa, na hawarudi tena. Nami Benon nilimtaka, nasema wazi. Nilimtaka mpaka chakula kilikuwa hakipiti.

Lakini kwetu tulikotoka, ng'ambo ya mpaka karibu na Beni, sufuria ni habari nyingine. Wauaji wakiingia, mtaa mzima unagonga sufuria ili jirani asikie akimbie. Benon sikuwahi kumwambia. Utaanzaje kumweleza hayo mwanaume anayekununulia soda?

Niliuondoa mkono wa Mama. Gauni langu lilikuwa limeshajaa unga wa muhogo kutoka kwenye magunia.

"Mama, anayeimba ni Shangazi Musoki! Juzi alikula fufu hapa hapa, akakusifu!"

"Najua."

"Kama unajua, fungua!"

"Akili iko inajua. Mikono inakatala."

Hasira zikanipanda. "Tangu tuvuke mpaka, nani amekugusa hapa? Nani? Ukisikia pikipiki, unajificha. Mlango ukigongwa na upepo, unajificha. Leo ni harusi yangu, Mama! Unataka nizeekee stoo na wewe?"

Alikaa juu ya gunia akaanza kulia.

"Baba yako pia alisema ni harusi," alisema. "Siku ile sufuria zilipolia, alicheka. Alisema, jirani iko anaoza mutoto wake, twende tukacheze. Akafungua mulango."

Hilo sikulijua. Miaka yote aliniambia tu kwamba Baba alikufa vitani.

Alitoa ufunguo, akauweka mkononi mwangu. "Fungua wewe. Mimi siwezi."

Nje sauti ya Musoki ilikuwa imeanza kukauka, na sufuria zilikuwa zikipungua. Niliutia ufunguo kwenye kufuli. Wale wote nje niliwajua kwa majina. Kilichobaki kilikuwa kuzungusha tu.

Sufuria zikanyamaza.

Kwetu zikinyamaza, maana yake wameshafika.

Nikasikia hatua ndani ya nyumba, zinakuja taratibu, zikasimama nje ya stoo.

"Chérie?" Alikuwa Benon. "Chérie, umenikataa?"

Nilimsikia vizuri kabisa. Nilitaka kusema hapana, mpenzi, niko hapa, ningoje kidogo. Lakini mdomo ulikuwa umezibwa tena, na safari hii mkono ulikuwa wangu.