Manowari Isiyo na Dohani

Mwaka wa 1966 bandari nzima ya Matrah haikuwa na mwongo aliyeheshimiwa kama Marhoon bin Nasir. Waongo wengine walikuwapo, tena tele, lakini wao walidanganya juu ya nasaba za babu zao na ubora wa tende zao. Marhoon alidanganya juu ya manowari ya atomiki. Kwa kuwa hapakuwa na mwanamume hata mmoja katika baraza ya ami yangu aliyejua atomiki ni kitu gani, wote walitikisa vichwa kama wanaojua.

Mimi ni Masouda. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na nne, sijaolewa, na mimi na mama yangu, Bi Sayyida, tulikaa nyumbani kwa ami Mahfoudh, ndugu yake baba. Tulitoka Unguja mwaka wa mapinduzi, tukavuka bahari hadi Matrah. Baba hakutoka. Januari ile manowari moja ya Kimarekani ilikuja mbele ya mji wetu, tukadhani imekuja kwa ajili ya watu. Kumbe ilikuja kwa ajili ya watu wake. Iliwachukua Wamarekani na masanduku yao, ikaenda zake. Tangu siku hiyo mimi na manowari hatupikiki chungu kimoja, lakini nimekuwa nikizifuatilia, kama mtu anavyofuatilia habari za jirani aliyemkosea.

Unguja nilikuwa mwalimu wa jiografia. Huku serikali haikuwa na shule ya wasichana hata moja, kwa hiyo nilisomesha mabinti saba wa jirani ndani ya nyumba ya ami, kila asubuhi, kwa kisingizio cha kushona kofia. Vitabu hatukuwa navyo. Tulisoma kurasa za magazeti ya Kiingereza kutoka Karachi ambazo wauza viungo wa sokoni walifungia jira na bizari. Ndivyo nilivyokutana na Enterprise, manowari ya atomiki ya Kimarekani ya kubebea ndege. Agosti 1964 ilitia nanga Karachi, ikiwa katika safari ya kuizunguka dunia bila kuongezwa mafuta, na gazeti likaipa ukurasa mzima na picha.

Niliusoma ukurasa ule mpaka nikauhifadhi. Urefu wake ulizidi mita mia tatu na arubaini, na ndani yake walikaa watu zaidi ya elfu nne. Chini kabisa palikuwa na vinu vinane vya atomiki. Madini ya urani yanajipasua, yanatoa joto; joto linachemsha maji; mvuke unazungusha mitambo, na mitambo inazungusha rafadha nne zinazoisukuma meli. Hakichomwi kitu. Na kisipochomwa kitu hakuna moshi, na pasipo moshi dohani ni ya nini? Katika manowari nyingine za kubebea ndege, dohani hula nafasi ya sitaha, na moshi wake huwasumbua marubani wanaokuja kutua. Hii ilikuwa na mnara mmoja tu upande wa kulia, wa mraba, umebandikwa vibao bapa vya rada. Wamarekani walikusudia kujenga sita za namna hiyo. Walipoona gharama ya ile ya kwanza wakanywea, wakabaki na hiyo moja. Sikuficha furaha yangu niliposoma kwamba hata wakubwa wa dunia hukata nguo kubwa kuliko kitambaa walicho nacho.

Mabinti wangu saba, mdogo wao ana miaka tisa, waliyajua haya yote. Baraza ya ami haikuyajua.

Marhoon alizaliwa Pemba, akakimbilia baharini akiwa kijana, akafika Matrah na kofia ya baharia na sauti kubwa. Alisema alifanya kazi miaka miwili ndani ya manowari ile ile, naye akiwa mkuu wa wachochea moto. Wanaume wakamhamishia mto mzuri wa kuegemea. Ami Mahfoudh, ambaye maishani mwake hajapata kulishuku neno la mtu, alimpenda mara moja. Mtu aliyeamrisha moto wa Marekani, alisema, hawezi kuwa mkwe wa kukataliwa.

Alikuja kuniposa Alkhamisi baada ya alasiri. Wanaume walikaa majlisi, chumba cha wageni, mimi na mama nyuma ya pazia. Masharti yake yalisomwa kwanza, na yalikuwa mawili. Nitahamia kwake, kijiji cha Sidab. Na habari ya kusomesha watoto wa watu, ambayo alikwisha kuinusa, itakoma siku ya ndoa, kwa sababu mke wake hana haja ya karatasi. Mama aliendelea kushona. Wale mabinti saba ndicho kitu pekee nilichobaki nacho ambacho nilikuwa nacho Unguja.

Kisha ami akaligeukia pazia, akaniuliza kama desturi inavyotaka: Marhoon bin Nasir kakuposa, unasemaje? Nilikuwa nikipanga maneno. Nilitaka kukataa kwa adabu, nisimvunjie ami heshima mbele ya wageni, na adabu inataka muda. Kimya kikawa kirefu. Marhoon, ambaye kimya kilimwasha kama upupu, akaona awachangamshe wageni. Akasema siku moja alitia makaa mengi mno, moshi wa dohani ukafunika sitaha yote, ndege kumi na mbili zikazunguka angani hazioni pa kutua, mpaka nahodha mwenyewe akashuka kumwomba apunguze koleo.

Nilicheka. Sikucheka kidogo. Nilicheka mpaka nikajifunika uso na kanga, na bado sauti ikatoka.

"Kacheka," alisema ami. "Kimya cha mwari ni ridhaa yake, na kicheko chake ni ridhaa na furaha. Kakubali. Fatiha."

Nilipopata pumzi walikuwa wamekwisha kuinua mikono wanasoma. Mimi ni mtu wa hasira, lakini mwenye kuthubutu kuikata Fatiha katikati sijamwona bado. Walipomaliza, halua ilikwisha kuingia, wamekwisha kupeana mikono, na mwongo wa Matrah amekuwa mchumba wangu kwa sababu nilimcheka.

Asubuhi yake nilimfuata ami nikamweleza kwamba nilicheka uongo, sikucheka furaha. Akanijibu kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko ukali, kwamba wanawali wote hucheka kisha huogopa, na kwamba ridhaa ikishatoka haivuliwi kama kiatu. Akdi, ndoa yenyewe, itafungwa Ijumaa ijayo. Nikarudi kwa mama nikitegemea atasema neno. Mama yangu alikuwa hodari wa kunyamaza. Alinyamaza wiki nzima, akinishonea nguo ya harusi, sindano inapanda na kushuka, nami nilimdharau kwa kila mshono.

Ijumaa baada ya sala alikuja Sheikh Thabit, aliyewahi kusomesha Unguja, kufunga ndoa. Alisogea mpaka penye pazia ili aisikie ridhaa yangu kwa masikio yake. Ami akamwambia hakuna haja ya kunitaabisha, ridhaa imekwisha kutoka, mwari alicheka na watu wote ni mashahidi. Sheikh akasema hewala, akaanza kugeuka.

Nilijua kwamba nikisema sitaki hivi hivi, ami atasema nimegeuka, na mwanamke aliyegeuka hana wa kumsikiliza. Ilinibidi kwanza nikiue kile kicheko.

"Sheikh," nilisema, "kabla hujakaa, muulize bwana arusi dohani ya manowari yake ilikuwa upande gani."

Ami akakohoa. Sheikh, ambaye nadhani hakuwahi kuulizwa jambo kama lile katika akdi, akamtazama Marhoon. Marhoon akajibu bila kusita, maana mwongo hodari hasiti. Dohani zilikuwa mbili, alisema, katikati ya meli, nyeusi, zenye mshipi mwekundu, na kila moja ngamia angepita ndani yake.

Nikausukuma ule ukurasa wa gazeti chini ya pazia. Wanaume waliuinamia, kofia kwa kofia. Kiingereza hakuna aliyekijua, lakini picha haihitaji kusomwa. Ilikuwa picha iliyopigwa kutoka angani, meli nzima kutoka omo hadi tezi: sitaha, ndege zimepangwa, mnara wa mraba. Nilisikia kidole kikipita juu ya karatasi, kikienda na kurudi, kikitafuta dohani mbili za kupita ngamia. Ami Mahfoudh, Mungu amsamehe, akasema labda siku ya kupigwa picha walikuwa wamezishusha.

Basi nikawasomesha. Nilivisema vinu vinane, urani, maji, mvuke na rafadha, polepole, kama ninavyomwambia yule binti wa miaka tisa, na yeye alielewa upesi kuliko wao. Nikasema ndani ya meli ile hakuna makaa ya kutia, hakuna koleo, na mchochea moto hana kazi huko kama kinyozi asivyokuwa na kazi kaburini. Sheikh akamwuliza Marhoon mara moja tu, kwa jina lake na la baba yake, kama haya ni kweli. Marhoon akainamisha kichwa. Alikuwa Karachi mwaka ule, alisema, mchukuzi wa bandarini. Aliiona kwa mbali, kutoka kwenye mashua ya maji ya kunywa. Haikuwa na dohani, kweli, lakini alipofika Matrah hakuna aliyeweza kumsadiki kwamba kuna meli isiyokuwa nayo, kwa hiyo akawatilia mbili.

Ningemhurumia, kama asingetaka kuniondolea wanafunzi wangu.

Ami hakukubali. Alisema uongo wa dohani haubatilishi posa. Wanaume wote husema makubwa siku ya posa. Kicheko ni kicheko.

"Ulicheka nini, mwanangu?" aliuliza Sheikh.

"Nilimcheka yeye."

"Kicheko cha dharau si ridhaa," alisema Sheikh. "Hilo halina khitilafu. Sasa nakuuliza mie, na nnataka kusikia ulimi. Unamtaka?"

"Simtaki."

Neno lilikuwa jepesi kinywani kuliko nilivyolidhania. Sheikh akalirudia kwa sauti, ili mashahidi walisikie, akaomba kubadhi zake avae aende. Marhoon alitoka wa kwanza. Ami akatoka nyuma yake, bila kulitazama pazia, na nikajua kwamba katika nyumba ile nitakula ubaridi miezi mingi. Lakini Jumamosi mabinti wangu saba watakuja na nyuzi zao.

Nilibaki na mama. Sinia za halua zilikuwa zimejaa, hazijaguswa. Nilikuwa bado nawaka, na nilikuwa nimezoea kudharau wiki nzima, sikujua kuacha. Nikamwambia alikuwa ameketi pale siku saba akishona, na neno moja lake lingetosha. Nikamwuliza ulimi wake una kazi gani.

Mama alianza kuzipanga sinia, moja juu ya nyingine.

"Siku ya akdi yangu na baba yako mie nililia," alisema. "Nililia mpaka mtandio ukarowa. Kadhi akauliza, mbona analia? Wakamwambia, kilio cha mwari ni ridhaa yake. Wakasoma Fatiha." Akaifuta sinia ya juu kwa ncha ya kanga. "Leo ndiyo nimejua kuwa mtu anaweza kusema simtaki na mbingu isianguke."

Akazibeba kwenda jikoni.

Baba nilimpenda. Nilikua nikiwaona wanakula pamoja, wanataniana, na kila Idi baba akimnunulia marashi. Nilitaka kumfuata jikoni nimwulize kama baadaye alimpenda. Sikwenda. Niliogopa atanyamaza, nami nitakichukua kimya chake niseme ni ndiyo.